Tarumbeta Moja, Watu Wawili

Je, ni mimi niliyemwambukiza Senje Beatrice?

Swali hilo lilininyima usingizi kwa miezi miwili, na halikuja peke yake. Lilikuja na wenzake. Kama ni mimi, ilikuwa Jumamosi gani? Kama ni ile Jumamosi ya baridi kali, nilifunika mdomo nilipokohoa? Na kama nilifunika, nilifunika kwa mkono upi, na mkono huo si ndio uliompa tarumbeta? Chuoni nilisomea takwimu. Watu hudhani takwimu humfundisha mtu kuwa na uhakika. Mimi ilinifundisha kwamba karibu kila jambo linaweza kutokea, na tangu hapo sijapumzika.

Naandika haya nikiwa nimemaliza dawa. Namwandikia yule aliyepewa majibu wiki hii, ambaye bado hajajua atamwambia nani kwanza. Mimi ni mtu wa kusoma ukurasa wa mwisho wa kitabu kabla ya ule wa kwanza, kwa hivyo nitakufanyia hisani hiyo hiyo: nimepona. Senje Beatrice anaendelea vizuri, amebakisha mwezi mmoja. Sasa unaweza kusoma bila roho kukuruka.

Tunaishi Soweto West, Kibera: Mama, mdogo wangu Kevo ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi. Mama huuza nguo za mitumba za watoto pale soko la Toi. Mimi, tangu nihitimu, nilikuwa natuma maombi ya kazi siku za wiki, na Jumamosi natembea hadi Kawangware kupiga tarumbeta katika bendi ya kanisa letu. Jumapili bendi hiyo hupita mitaani na ngoma, ikichukua waumini nyumba kwa nyumba hadi kanisani. Wazazi wetu walikuja na desturi hiyo kutoka Magharibi ya nchi, nasi tukairithi pamoja na vyombo vyenyewe, vilivyojaa mabonde na viraka.

Vyombo havitoshi watu. Tarumbeta yetu ni moja na wapigaji ni wawili, mimi na Senje Beatrice. Senje ni shangazi kwa lugha ya nyumbani. Si ndugu wa damu, ila bendi nzima humwita hivyo. Hukaanga chapati karibu na stendi ya Kawangware na ana sauti ya kusimamisha lori. Mimi hupiga ubeti, yeye hupiga korasi. Ubeti unapoisha namnyooshea tarumbeta, anapangusa pale pa kutilia mdomo kwa mkono wa sweta, mara moja tu, na kuingia kabla mpiga ngoma hajarudi kwenye pigo la kwanza. Hiyo ndiyo sheria yetu kubwa: wimbo usikatike. Unaweza kukosea noti, unaweza kupotea njia, lakini usiwaache watu wamesimama mlangoni na wimbo nusu.

Chumba cha mazoezi kiko nyuma ya kinyozi mmoja. Jirani wa ukuta, Mama Njoki, alikuwa amelalamika kwa mwenye nyumba kwamba tunamtoboa masikio. Kiongozi wetu, Baba Isaya, fundi wa mawe aliyestaafu na asiyependa ugomvi, akaleta mablanketi mawili mazito akayapigilia misumari madirishani. Mlango tukaufunga. Watu kumi na mmoja, saa mbili nzima, kila Jumamosi, tukivuta pumzi hadi tumboni na kuzitoa zote. Tulijiona majirani wastaarabu sana.

Kwangu mimi pumzi ilipotea kabla ya kikohozi kuja. Mwezi wa sita noti ya mwisho ya ubeti ilianza kunishinda. Nilikuwa nampa Senje tarumbeta mapema, naye akanitania mbele ya watu: "We Edna, mbona unanipa mtoto kabla hajashiba?" Nilicheka. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, nikaanza kukohoa, na sketi yangu ya kanisani nikaishikilia kwa pini. Njia ya kwenda Kawangware, kupitia Toi na kuvuka Ngong Road, nilikuwa naitembea bila kusimama. Sasa nilisimama mara tatu, nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Mama ndiye aliyenipeleka zahanati. Benchi la kusubiri liko nje, chini ya bati, na kila mtu hapo anajua mwenzake amefuata nini lakini wote mnatazama lango kama mnasubiri mgeni. Nilipewa kikopo nikaambiwa niende nyuma ya jengo nikohoe. Wiki tano nilikuwa nakohoa mchana kutwa, na siku nilipoombwa nikohoe, sikuweza. Nilisimama pale na kikopo changu kama mtu aliyeitwa jukwaani akasahau wimbo. Mwanamume mmoja aliyekuwa na kikopo chake akaniambia kwa upole, "Usilazimishe, dada. Vuta hewa pole pole, itakuja yenyewe." Ni maneno yale yale ambayo Baba Isaya aliniambia siku ya kwanza aliponipa tarumbeta.

Majibu yalitoka. TB. Muuguzi wetu, Sista Nyambura, mwanamke mfupi wa kuongea taratibu, alinieleza kwamba dawa ni za miezi sita na kwamba hakuna kuruka hata siku moja. Kisha akavuta fomu yenye mistari.

"Nipe majina ya watu mnaokaa nao karibu."

"Mama. Na Kevo, ndugu yangu."

"Mwingine?"

Kulikuwa na mstari wa tatu. Niliutazama.

"Hakuna."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Niliogopa watu watanihesabia na magonjwa mengine ambayo sina. Niliogopa watatupa tarumbeta. Zaidi ya yote niliogopa kitu kidogo mno hata naona aibu kukiandika: niliogopa siku ambayo Senje ataipangusa mara mbili.

Kwa hivyo nikatunga uongo. Niliwaambia bendi nimepata kazi Eldoret. Sikujua uongo mzuri unaweza kuumiza namna ile. Waliniwekea mikono kichwani wakaniombea. Walinipigia wimbo wa safari. Senje alinivisha leso yake nzito, akasema, "Huko kuna baridi, mama, na wewe huna nyama." Kabla ya kuondoka niliomba kile kipande cha tarumbeta cha kutilia mdomo, eti nikisugue king'ae, nikakichemsha nyumbani kwenye sufuria ya ugali mpaka kikabadilika rangi. Nilikirudisha kwa kumtuma Mama. Nilidhani nimemaliza kazi.

Mwezi wa kwanza wa dawa sitauremba. Vidonge ni vikubwa, unavimeza kabla ya kula, na mkojo unageuka rangi ya soda ya machungwa. Hakuna aliyenionya vizuri, nikapiga yowe chooni hadi jirani akabisha mlango. Viungo viliniuma kama mtu aliyefua mablanketi ya kijiji kizima. Kichefuchefu kilinifanya nichukie harufu ya vitunguu, na nyumba ya chumba kimoja haina pa kuikimbia.

Ndani ya nyumba nako kulichafuka. Mama na Kevo walipimwa wakakutwa salama, lakini Kevo alihamia kwa rafiki yake Raila. "Si kwamba nakuogopa," aliniambia akifunga begi, bila kunitazama. "Ni vile tu... manze, Edna, kazi yangu ni ya kifua pia." Mama alinitengea kikombe. Alikipaka rangi ya kucha nyekundu chini ya mkono wa kikombe ili asikosee. Nilipokiona niliongea maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mamake, naye akanijibu, "Basi nifanye nini? Nikufe pia ndio ujue nakupenda?" Siku mbili hatukusemeshana.

Kliniki iliyofuata Mama aliingia nami, akamuuliza Sista Nyambura habari za vikombe. Sijui waliongea nini kwa urefu; mimi nilikuwa kwenye mizani. Kesho yake asubuhi nilikunywa chai nusu, nikashindwa. Mama alichukua kile kikombe chenye rangi nyekundu, akamalizia chai yangu, akaenda zake Toi. Wiki ile Kevo akarudi na begi lake na trei ya mayai.

Mwezi wa pili njaa ilirudi. Ukipita hapo utanielewa: unaamka unataka kula, na unakumbuka kwamba zamani hiyo ilikuwa hali ya kawaida. Jirani mmoja, ambaye hata jina langu hakulijua, alianza kuacha parachichi mlangoni. Sketi ikaacha pini. Nikaanza kumsaidia Mama Toi siku za Jumanne, na Jumanne moja nikamwona Shadrack, mpiga ngoma wetu, akichagua viatu meza tatu kutoka kwetu. Mimi, mfanyakazi wa Eldoret, niliingia chini ya meza. Nilikaa humo kati ya suruali za watoto hadi Mama aliposema, kwa sauti ya kuchoka, "Toka, ameenda."

Wakati huo wote Senje alikuwa ananitumia sauti kwenye simu. Kila Jumamosi baada ya mazoezi alijirekodi akipiga ubeti wangu na korasi yake, "ili usisahau kwenu." Sikumwambia rekodi hizo zilinifanyia nini. Nilizisikiliza nikimeza vidonge, na nikawa nameza kufuatana na wimbo: vya kwanza kwenye ubeti, vya mwisho kwenye korasi. Siku ambazo dawa ilitaka kurudi juu, nilijiambia isubiri hadi wimbo uishe. Ulipoisha, mara nyingi hamu ya kutapika ilikuwa imepita. Nilikuwa nikidhani tunapiga ili kuwapeleka watu kanisani. Kumbe mtu anaweza kubebwa na wimbo hata akiwa amekaa kwenye ndoo, Soweto West, na kitambaa cha maji kichwani.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, mvua za vuli zikianza, ilikuja rekodi ambayo korasi ilikatika katikati. Palisikika kikohozi, kirefu, kisha sauti ya Senje: "Huu moshi wa jiko utaniua, aki." Na rekodi ikaisha.

Niliisikiliza mara kumi na moja. Ndipo lile swali la mwanzo likaja kukaa.

Ungedhani ningeenda moja kwa moja. Sikwenda. Nilijiambia ni moshi kweli. Nilijiambia nikisema sasa watauliza kwa nini sikusema mwezi wa nane. Niliandika ujumbe nikaufuta, nikaandika mwingine. Kila kliniki Sista Nyambura alifungua ile fomu akauliza, "Hakuna mwingine?" na kila kliniki nilisema hakuna, na kila Jumamosi korasi ilikuwa fupi zaidi. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili ilikuja rekodi yenye ubeti peke yake.

Siku ya kliniki nilimwambia Sista kila kitu kabla hajaketi: tarumbeta, mkono wa sweta, sufuria ya ugali. Nilitegemea anikemee.

"Hicho chuma hakina shida," alisema. "TB haikai kwa chuma, inapitia hewa. Niambie, mnafanyia wapi mazoezi?"

Nikamweleza chumba. Nikamweleza Mama Njoki. Nilipofika kwenye mablanketi na misumari, aliweka kalamu chini.

"Mko wangapi humo?"

"Kumi na mmoja."

Miezi minne nilikuwa nahangaika na mate yangu kwenye kipande cha shaba, na sikuwahi kuyafikiria madirisha.

"Nataka wote," alisema Sista. "Naweza kumtuma mhudumu wa afya awatembelee. Ama uwaambie wewe kwanza."

Nilitoka zahanati nikatembea hadi Kawangware bila kusimama. Niligundua hilo nilipofika tu.

Senje alikuwa kwenye jiko lake. Alikuwa amekonda mashavuni. Aliponiona alipiga kofi moja hewani, unga ukaruka.

"Haiya! Eldoret imekurudisha? Na umenona hivi!"

"Senje, sikuenda Eldoret."

"Najua." Aligeuza chapati. "Shadrack alikuona Toi ukiingia chini ya meza kama paka. Tukajua una mimba."

"Mimba?"

"Sasa tungejua nini kingine? Miezi mitatu tunakuombea ujifungue salama. Baba Isaya hata alikuwa na jina." Alinitazama tumbo. "Iko wapi?"

Nilitaka kucheka nikaanza kulia, nikamwambia hivyo hivyo nikilia: kwamba ni TB, kwamba nilikuwa nayo wakati tunapokezana, kwamba nilisikia korasi yake ikikatika na nikanyamaza miezi miwili. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri chapati akasogea kando. Senje aliiepua ile iliyokuwa motoni, akazima jiko, akajipangusa mikono polepole.

"Hiki kikohozi changu," alisema, "kilianza mwezi wa tano. Chako kilianza lini?"

"Wa saba."

"Basi." Alikaa kwenye debe lake. "Sikusema. Nilijua nikisema nina kifua, Baba Isaya atanipumzisha, na korasi atapewa mtu mwingine. Mimi nina nini kingine, Edna? Nakaanga chapati wiki nzima watu wakiniambia ongeza mafuta, punguza mafuta. Siku moja tu ndio watu hutoka nje ya nyumba zao juu ya mimi kupuliza." Akanipiga goti kwa goti lake. "Kwa hivyo wacha hizo hesabu zako. Inawezekana ni mimi nilikupa."

Hilo, katika hesabu zangu zote, sikuwa nimelihesabu.

Asubuhi iliyofuata tuliketi pamoja kwenye benchi lile chini ya bati, yeye akiulizia kwa sauti kama hapo huuzwa chai. Alipopewa kikopo nilimpeleka nyuma ya jengo nikamwambia asilazimishe. Siku ya pili majibu yalitoka, na yalikuwa kama tulivyohofia. Sista Nyambura alimwanzishia dawa, akamwonya asikae na watu kwenye vyumba vilivyofungwa kwa wiki za mwanzo. Senje alinishika mkono langoni. "Jumamosi wewe ndiye utaongea. Mimi nikiongea nitalia, nikilia nitakohoa, na hapo nitakuwa nimeeleza vibaya."

Jumamosi nilifika mapema, nikachukua nyundo ya Baba Isaya, nikaanza kung'oa misumari. Wenzangu waliingia mmoja mmoja wakanikuta juu ya kiti. "Niaje, mama mtoto," alisema Shadrack, kisha akaona nafanya nini. "Eh, eh! Mama Njoki atatumaliza!" Blanketi la kwanza likaanguka, halafu la pili. Mwanga uliingia, na vumbi letu lote likaonekana hewani likielea. Nje ya dirisha Senje alikuwa ameketi kwenye kigoda, barakoa usoni, na Mama Njoki amesimama kando yake na beseni la nguo, akingoja kulalamika.

Nilisema. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nikatumia sentensi nne. Nina TB, natumia dawa, siambukizi tena. Senje ameanza zake. Sista anatuomba sote twende Jumatatu. Eldoret ilikuwa uongo, nisameheni.

Mtu mmoja alivuta kiti nyuma kidogo. Kisha Shadrack akauliza, kama aliyepewa msiba, "Kwa hivyo hakuna mtoto?" na chumba kikapasuka kwa kicheko, Senje akicheka na kukohoa kule nje. Walienda wote Jumatatu hiyo, na hakuna aliyekutwa mgonjwa. Nalisema sasa nisikuache ukihesabu kama mimi.

Lakini siku ile hatukujua. Kicheko kiliisha, na tarumbeta ilikuwa juu ya benchi. Nilimwona kila mmoja akiitazama na kutazama pembeni. Nilieleza kwamba chuma hakina shida. Walitikisa vichwa vizuri, kama watu wanaosikiliza tangazo. Hakuna aliyeisogelea.

Nikaichukua. Sikuwa nimepuliza tangu mwezi wa nane, na sikujua kama kifua changu bado ni changu. Shadrack akanipa pigo. Noti ya kwanza ilitoka na upepo mwingi, ya pili ikasimama. Nilipiga ubeti wetu wa mitaani, nikihisi mbavu zikifunguka moja moja kama mlango wenye kutu, na nilifika mwisho wa mstari wa nne nikiwa sina hata punje ya hewa. Nikainyoosha tarumbeta upande wa kulia, pale Senje husimama siku zote.

Palikuwa patupu. Ngoma ilizunguka mara moja, ikazunguka tena, ikaanza kulegea. Ikanyamaza.

Mkono wangu ulibaki umenyooshwa. Kichwani nilikuwa tayari nimeshafikia mwisho wa bendi, mwisho wa urafiki, mwisho wa kila kitu, wakati sauti iliingia kwa dirisha, kali na yenye hasira, ya Mama Njoki.

"Sasa mnatuacha hapo? Malizeni basi!"

Baba Isaya akainuka. Akaichukua tarumbeta mkononi mwangu, akapangusa pale pa kutilia mdomo kwa mkono wa shati, mara moja tu, akaingia na korasi.